Fuawe ya kusubu: hailii, hairushi, imemeguka. Tatizo liko wapi?

Fuawe ni lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia chuma juu yake. Mwezi uliopita kijana wangu mmoja, mzaliwa wa Moshi anayeishi Pennsylvania, alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Nimenunua fuawe ya zamani, kubwa, lakini nadhani nimepigwa. Nikiigonga hailii kabisa, inasema du, kama gunia la mchanga. Muuzaji kasema ni kasti. Niirudishe?" Nyuma ya sauti yake nilisikia akiigonga: du, du, du. Nilimjibu asirudishe kitu, anipigie kwanza picha ya ubavu.

Neno kasti ndilo lililomtia hofu. Mafundi wetu wakisema kasti wanamaanisha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu (umbo la kumiminia), kile cha bloku za injini, kinachopasuka kama chungu ukikitwanga nyundo. Lakini fuawe iliyosubiwa inaweza kuwa kitu kimoja kati ya vitatu. Kuna iliyo chuma cha kusubu kitupu, juu hadi chini. Kuna yenye mwili wa chuma cha kusubu na uso wa bamba la feleji ngumu, yaani stili, lililoshikana na mwili palepale kwenye kalibu. Na kuna ya feleji tupu iliyomiminwa, kama zile za Kohlswa na Söderfors za Sweden. Ya kwanza haifai kufulia chuma cha moto. Ya pili na ya tatu zitakutumikia wewe na wajukuu wako. Kosa la wengi ni kupima zote kwa kipimo kimoja, wakati dalili ileile ni ugonjwa kwa moja na ni maumbile kwa nyingine.

Kabla ya kupima chochote, ifunge

Fuawe inayocheza juu ya gogo hula pigo lote. Utaigonga, nyundo italala, nawe utaihukumu kwamba imekufa, kumbe iliyokufa ni stendi. Simamisha gogo wima, nyuzi za mti zikitazama juu, upande wa juu uliokatwa uuchonge hadi uwe sawa. Weka fuawe, kisha chukua kipande cha karatasi ngumu ya boksi ujaribu kukipitisha chini ya kila mguu. Kikipita mahali, chonga tena. Ikae kwa mnyororo uliokazwa au vyuma vinavyoshika miguu. Urefu wa kazi ni pale ngumi yako inapofika ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia.

Halafu kwangua rangi kwenye kingo na uso. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka iliyopita nilinunua fuawe iliyopakwa rangi nyeusi nzuri, kingo zimenyooka kama za jana. Nilipoanza kazi, pigo la kwanza la pembeni lilifumua kipande cheupe ndani: puti, ileile ya mafundi bodi za magari. Muuzaji alikuwa amejaza mapengo yote kwa puti na kupaka juu. Tangu siku hiyo natembea na sumaku ndogo mfukoni. Ipitishe taratibu kwenye kingo. Penye chuma inang'ang'ania, penye puti inateleza na kuachia. Ukikwangua, vaa barakoa na lowesha kwanza, maana rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi.

Dalili: ukiigonga hailii

Hii ndiyo inayowafanya watu wauze mali kwa bei ya chuma chakavu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Fuawe ya kufuliwa, yaani iliyoundwa kwa nyundo na si kwa kumiminwa, kama zile za Peter Wright wa Dudley, Uingereza, hulia kama kengele. Ya feleji ya kusubu hulia hata zaidi. Ya Kohlswa inaumiza masikio. Chuma cha kusubu hakilii, na sababu iko ndani yake: kimejaa vipande vyembamba vya grafaiti, kama majani makavu yaliyotawanyika ndani ya chuma. Mtetemo ukipita unavunjwavunjwa na majani hayo na kuishia hapo. Ndiyo sababu hiyohiyo mashine za kukerezea hujengewa vitanda vya chuma cha kusubu, visitetemeke.

Basi fuawe yenye mwili wa kasti na uso wa feleji itanyamaza hata ikiwa nzima kabisa. Fisher za Marekani ndizo mfano mkubwa. Mark Fisher alipata hataza yake mwaka 1847, na kiwanda chake cha Trenton, New Jersey, kikazitengeneza hadi karne ya 20. Bamba la feleji liliwekwa ndani ya kalibu, fuawe ikiwa imepinduliwa kichwa chini, kisha chuma kilichoyeyuka kikamiminwa juu yake mpaka vikashikana. Vulcan, za kampuni ya Illinois Iron & Bolt ya Carpentersville, ni za ukoo huohuo, ingawa bamba lake mara nyingi ni jembamba kidogo. Zote mbili zinasema du. Zote mbili ni fuawe za kweli.

Picha za kijana wangu zilipofika, ubavuni palikuwa na uvimbe uliozibwa na kutu na rangi tatu juu ya nyingine. Nilianza kutabasamu, lakini sikumwambia kitu. Nilimtuma atafute gololi.

Wahunzi wa zamani katika sehemu nyingi za bara letu walifua juu ya jiwe. Jiwe halilii, na majembe yalitoka.

Ila kama fuawe yako ina alama za kufuliwa (nitazieleza mbele) na bado hailii, au inatoa sauti ya kukwaruza kama kengele iliyopasuka, hapo kimya ni ugonjwa. Tafuta ufa.

Dalili: nyundo hairuki, mkono unachoka upesi

Sikio limeshakudanganya, sasa pima kwa gololi. Nenda kwa fundi beringi, omba gololi ya feleji ya kipenyo cha kama milimita 25. Simamisha rula juu ya uso wa fuawe, achia gololi kutoka sentimita 25, tazama inarudi hadi wapi. Usiisukume, iachie tu. Rudia mara tano kila mahali: katikati, karibu na pembe (ile ncha iliyochongoka), juu ya kisigino (mwisho wa upande wa pili).

Ikirudi sentimita 18 na zaidi, una fuawe nzuri, ilie au isilie. Ikirudi 20 na kitu, shukuru. Ikiishia 12 kwenda chini, kuna jambo, na sababu zake nazifuata kwa mpangilio huu, kuanzia ile rahisi.

Stendi. Nimeshasema. Rudia kukaza, pima tena.

Uchafu. Kutu nene na rangi ni godoro. Sugua eneo la kiganja kwa msasa hadi chuma kitoke, pima hapo.

Chuma cha kusubu kitupu. Chukua tupa nzuri, uisugue kwenye kingo ya juu. Kwenye feleji iliyotiwa ugumu tupa itateleza kama juu ya kioo, utasikia mlio mkali na hutaona unga. Kwenye kasti tupa inauma bila shida, na kinachotoka ni unga mweusi unaochafua vidole kama risasi ya penseli. Hiyo ni ile grafaiti. Ukitaka uhakika zaidi, toboa kidogo kwa drili chini ya mguu, kamwe usitoboe usoni. Feleji hutoa nyuzi zilizojikunja, kasti hutoa vumbi. Na ukigusisha grenda chini ya mguu huohuo, cheche za kasti ni fupi, nyekundunyekundu, zinazimika upesi. Za feleji ni ndefu, angavu, na zinachanua matawi. Kumbuka kwamba Fisher itatoa vumbi mguuni na bado uso wake ni feleji, kwa hiyo mguu peke yake hautoshi. Pima juu na chini.

Ikiwa ni kasti juu hadi chini, hakuna namna ya kuifanya iwe kitu kingine. Watu hujaribu kufunga bamba la feleji juu kwa bolti. Bamba hilo halishikani na mwili, hewa inabaki katikati, na nyundo inalala vilevile. Itumie kunyooshea bati na kufulia shaba na alumini, na kwa chuma cha moto tafuta kipande cha reli. Reli isimamishe wima, ufulie kwenye ncha yake iliyokatwa, usiilaze kama ilivyo njiani. Ikilala, chini ya nyundo kuna ubavu mwembamba unaotetemeka. Ikisimama, urefu wake wote uko chini ya pigo. Kipande cha kilo 20 kilichosimama hushinda fuawe ya kasti ya kilo 50.

Moto. Hii ndiyo sababu ya huzuni. Fuawe iliyoungua ndani ya nyumba au karakana hupoteza ugumu wake wote. Kwa macho ni nzima, alama zote zipo, hata mlio unaweza kuwepo, lakini tupa inauma usoni kama siagi na gololi haipandi. Kuirudishia ugumu ni kuipasha hadi nyuzijoto kama 800 za Selsiasi na kuimwagia maji mengi yanayokimbia, kilo 70 na zaidi zikining'inia kwenye mnyororo. Kwa fuawe yenye mwili wa kasti hata usifikirie: bamba na mwili havitanuki wala kusinyaa sawasawa, na kiungo chao kitapasuka. Mwulize muuzaji bila aibu kama palikuwa na moto.

Dalili: inaruka vizuri, ila mahali pamoja pamekufa

Ukikuta gololi inapanda 19 kila mahali, na penye upana wa kiganja inaishia 9, bamba limeachana na mwili chini ya hapo. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo ukitembea kuelekea doa hilo. Hata kwenye Fisher, ambayo hailii, utasikia du kavu ikigeuka kuwa du tupu, kama unapogonga ukuta kutafuta mahali plasta ilipoachia tofali.

Kuthibitisha ni rahisi na vitu vyote viko nyumbani. Safisha ubavu pale bamba linapokutana na mwili. Paka mafuta ya taa kwa brashi, acha dakika 20, futa hadi pakauke kabisa, kisha pakaa chaki iliyosagwa au chokaa. Penye ufa, mafuta yatapanda taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mara ya kwanza kuuona mstari ule ukijichora mbele ya macho yangu niliita watu waje kutazama.

Mstari mfupi wa kisiginoni unaweza kuishi nao. Fanyia kazi upande mwingine. Mstari ulioenda nusu ya urefu ni sababu ya kupunguza bei au kuondoka. Mtu akikwambia atachomelea ufa huo kwa pembeni, mkatalie. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia mbili na nusu hadi nne hivi, na kikichomelewa kwa rodi za kawaida kinaacha kando ya mshono utepe mgumu unaokatika kama biskuti. Ufa utarudi, safari hii mrefu zaidi.

Dalili: kingo zimemeguka

Karibu kila fuawe ya zamani iko hivi, na hapa ndipo grenda inapoua fuawe nyingi kuliko kutu ilivyowahi kuua.

Sikiliza. Bamba la uso lina unene wa sentimita moja, moja na nusu. Ukisawazisha uso wote kwa grenda au kwa mashine ili kingo moja iliyomeguka milimita sita ipotee, umekula nusu ya bamba, na nusu hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Umepata fuawe inayong'aa, isiyo na kitu. Nimeshika moja ya namna hiyo. Bamba lilikuwa limebaki kama sarafu mbili zilizopangwa, na aliyeifanyia hivyo alijivunia kazi yake.

Kingo kali haihitajiki hata hivyo. Kingo kali hukata chuma unachokunja na kukiachia kovu ambalo baadaye litakuwa ufa. Mhunzi mzuri hutaka kingo ya mviringo, milimita tatu upande mmoja, sita upande mwingine. Kwa hiyo lainisha kwa tupa na jiwe la kunoa kila mahali palipomeguka, ili vipande visizidi kutoka, na katafute sentimita kumi tu zilizo nzima. Sentimita hizo kumi zitakutosha kwa kazi zote. Vaa miwani: kipande cha feleji ngumu kinachoruka kutoka kingo kinaingia mwilini kama risasi.

Na kama mapengo ni makubwa kweli, hakuna hata sentimita kumi? Kuchomelea kunawezekana, juu ya bamba la feleji tu, kwa fundi anayejua. Fuawe nzima ipashwe moto hadi karibu nyuzijoto 200 kabla ya rodi kugusa. Sugua doa moja usoni ling'ae. Likianza kugeuka manjano ya majani makavu, simama, usiongeze mkaa, maana ukipita hapo unaulegeza ugumu wenyewe. Choma mishono mifupi, gonga kila mshono ukiwa wa moto, ukimaliza izike kwenye majivu ipoe usiku kucha. Fundi akiona hakuna haja ya kuipasha, anataka kuanza tu, funga fuawe yako urudi nayo nyumbani. Bamba baridi likichomwa ghafla hupasuka chini ya mshono, na utalijua hilo wiki ya pili.

Dalili: uso umebonyea katikati

Weka rula ya chuma, washa tochi nyuma yake, angalia mwanga. Milimita mbili au tatu za bonde ni rafiki yako. Ukitaka kunyoosha nondo iliyopinda huwezi juu ya uso ulio sawa kabisa, kwa sababu chuma hurudi kidogo baada ya pigo. Kinahitaji pa kuzama. Ukihitaji pa sawa, tumia karibu na kisigino ambako nyundo zilipita kwa uchache. Bonde la milimita sita na zaidi kwenye bamba la feleji linaashiria feleji iliyolegea, kwa hiyo rudi kwenye habari ya moto.

Kutu, rangi, na alama zilizofichika

Brashi ya waya ya mkono, kipande cha tofali laini, uvumilivu. Brashi ya kufunga kwenye grenda ni sawa kwa mwili, usiikaze sana penye maandishi. Siki inaondoa kutu lakini inaacha chuma cha kijivu kinachopata kutu upya kabla ya jioni, sioni faida. Ukimaliza, iweke juani hadi iwe ya moto mkononi, paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya duka la rangi, kwa kitambaa, tabaka jembamba sana, ufute yanayobaki. Kitambaa hicho ukitandaze nje kikauke, kisikunjwe na kuachwa: mafuta ya kitani huweza kujiwasha yenyewe. Uso usipake kitu. Kazi itausafisha.

Alama zisome usiku. Zima taa, laza tochi ubavuni kabisa mwa chuma, mwanga upite sambamba na uso wake. Herufi zilizofutika mchana zitasimama kwa vivuli vyake. Au bandika karatasi na usugue mkaa juu.

Utakachokutana nacho ni hiki. Tai aliyeinuka ubavuni ni Fisher. Mkono ulioshika nyundo ndani ya duara la yai ni Vulcan. Fisher na Vulcan huandika uzito kwa tarakimu fupi mguuni, kila moja ikihesabiwa kwa ratili kumi: 15 ni ratili 150, kilo 68. Ukiona namba tatu zilizotenganishwa, tuseme 1 2 10, na maneno SOLID WROUGHT kwenye duara, hiyo si ya kusubu, ni ya kufuliwa, na uzito wake ni wa Kiingereza: ya kwanza zidisha kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zilizobaki. Hiyo ni 112 na 56 na 10, ratili 178, karibu kilo 81. Iweke kwenye mizani. Tofauti kubwa na alama ina maana kuna kipande kimeondoka, au alama umeisoma vibaya.

Isiyo na alama yoyote, yenye mstari wa kalibu ukipita katikati ya pembe na mwili, uso wenye mikwaruzo ya mashine, uzito wa kilo 25: karibu kila mara ni kasti tupu ya bei rahisi. Ipime kwa gololi hata hivyo. Namba ndiyo itakayoamua.

Mguu umevunjika, au kelele imezidi

Mguu wa kasti uliokatika usiuchomelee. Tengeneza fremu ya chuma inayoukumbatia mguu na mwenzake, kaza kwenye gogo. Pigo linashuka katikati ya mwili, mguu kazi yake ni kusimamisha tu. Kisigino kilichokatika kwenye tundu la mraba ni hasara ya zana zinazochomekwa humo, si ya fuawe. Na kelele ni tatizo la zile za feleji: mnyororo uliokazwa kiunoni, na sumaku ya spika ya zamani chini ya kisigino, vinanyamazisha nusu yake. Kwa kelele inayobaki, ziba masikio.

Kijana wangu alipata gololi Jumamosi. Alinipigia kwa video, rula imeegemezwa kwenye kopo la rangi. Ya kwanza ilipanda 19. Ya pili, 20. Kwenye kisigino, 18 na nusu. Akapeleka tochi ubavuni kama nilivyomwelekeza, na mkewe akazima taa ya gereji. Kwanza tukaona bawa. Halafu mdomo uliopinda.

"Mjomba," akasema, "ni ndege."

Nikamwambia ashushe tochi kwenye mguu wa mbele anisomee namba.

"Moja. Tano."